Tamthilia Uliyoizoea Imeisha: Uanze Ipi Sasa?

Tamthilia ndefu inapofika mwisho, mashabiki hugawanyika makundi matatu. Kuna wanaofurahi kwamba stelingi amepata haki yake. Kuna wanaolalamika kwamba mwandishi alilipua kazi, fitina ya miaka miwili ikamalizwa kwa vipindi vitatu. Na kuna wasio na ugomvi wowote na hadithi. Hao wanasikitika tu kwamba kesho saa moja na nusu usiku watawasha televisheni na watu wao hawatakuwepo. Mara nyingi mtu mmoja huyo huyo hupitia hayo yote matatu jioni moja, na si kigeugeu. Ametoa jioni zake nyingi, ana haki ya kufurahi na kununa kwa wakati mmoja.

Wiki moja au mbili baadaye swali huwa lile lile: sasa tuanze ipi? Wengi huchagua kwa sura ya stelingi au kwa tangazo lenye muziki mtamu. Kwa mtu ambaye bado ana kinyongo na mwisho wa ile aliyotoka kuitazama, mimi ningependekeza kipimo kingine: angalia jinsi tamthilia za aina hiyo zinavyoisha. Zinazotufikia hapa Nairobi haziishi kwa njia moja, na namna zinavyoisha inategemea namna zinavyotengenezwa. Ukilijua hilo mapema, utajua maumivu gani unayakubali kabla hujampenda mhusika yeyote.

Nimeziweka katika aina nne na kuziuliza maswali manne. Nani anaamua mwisho? Je, mafundo ya hadithi hufunguliwa au tunaachwa njia panda? Itakugharimu nini, kwa muda na kwa pesa? Na utaitazama na nani? Hilo la mwisho nalipa uzito sawa na mengine, maana tamthilia isiyo na mtu wa kuijadili naye asubuhi hupoteza nusu ya utamu.

Za Kilatini: Meksiko, Kolombia na majirani

Hizi huandikwa zikiwa na mwisho. Nyingi huwa na vipindi kati ya 100 na 200, kisha hadithi inafungwa. Zinapotufikia huwa zimeshamalizika kwao, pengine miaka kadhaa nyuma. Kituo cha hapa kinaweza kuzihamisha saa au kuzirudia, lakini hakina uwezo wa kubadilisha nani anaolewa na nani.

Waliokuwa na televisheni miaka ya 2000 watamkumbuka Paloma, mchuma kahawa wa Cuando seas mía, na Diego wake. Ilitengenezwa Meksiko, ila hadithi yenyewe ilitoka Kolombia, kwenye Café con aroma de mujer ya mwaka 1994 iliyoandikwa na Fernando Gaitán. Mtu aliyesomeshwa kwa pesa ya kahawa kule Kiambu au Murang'a hakuhitaji kuelezwa uzito wa msichana wa shambani kuingia kwenye nyumba ya mwenye shamba. Nadhani ndiyo sababu ile ilitushika kuliko nyingi zilizoifuata.

Mafundo hufunguliwa karibu yote. Mwovu anakufa, anafungwa au anarukwa na akili, halafu kunafanyika harusi. Lawama za mashabiki huwa ni za aina nyingine: kwamba aliyesamehewa hakustahili. Gaitán huyo huyo aliandika Yo soy Betty, la fea, iliyoonyeshwa Kolombia kuanzia 1999 hadi 2001. Bosi Armando anamtongoza katibu wake Betty ili kampuni yake ya Ecomoda isimponyoke, Betty anagundua, moyo unavunjika, na bado mwishoni wanaoana. Kuna wanaolia kwa furaha kwenye harusi ile, na kuna wanaoona Betty alijitoa kwa bei rahisi. Mwaka 2024 hadithi iliendelezwa kwenye Prime Video, na ndoa ile ikaonyeshwa imeyumba hadi wawili hao wakatengana. Waliokuwa na shaka tangu 2001 walipata ushahidi wao. Mimi niko upande wao, ingawa naelewa kwa nini mwenye kuipenda ile harusi hataki hata kusikia habari za sehemu hiyo mpya.

Kwa muda, hesabu ni rahisi. Vipindi 150, siku tano kwa wiki, ni miezi saba hivi. Unaweza kuianza ukijua itaisha kabla ya Krismasi. Hatari kubwa ni kwamba mwisho uko mtandaoni tayari, na kila ofisi ina mtu mmoja asiyeweza kuuficha. Kwa upande wa watazamaji wenzako, kama unakaa na mzee ambaye Kiingereza kinampa shida, tafuta iliyotiwa sauti za Kiswahili, la sivyo utageuka mkalimani wa sebuleni na hutaona chochote vizuri.

Zinamfaa anayetaka kufungiwa hesabu, na aliyechoka kuachwa mdomo wazi.

Zisizopangiwa mwisho: za Marekani, Australia, Afrika Kusini

Hapa hadithi inatungwa iendelee tu. Mhusika anazaliwa, anaolewa, anazikwa, na kesho yake kuna kipindi kingine. The Bold and the Beautiful ilianza mwaka 1987 na bado inaendelea. Guiding Light ilianzia redioni 1937, ikaingia televisheni 1952, na ikafungwa Septemba 2009. Hiyo ni miaka 72. Kuna waliorithishwa na bibi zao.

Sasa, nani anaamua mwisho? Mwenye daftari la hesabu. Watazamaji wakipungua, matangazo yanapungua, na kituo kinatangaza kufunga. Mwandishi anaarifiwa kwamba amebakiwa na miezi kadhaa, na ndani ya miezi hiyo inabidi ahitimishe maisha ya ukoo mzima ambao haukuwahi kuandikiwa mwisho. Kwa hiyo shabiki anapolalamika kwamba wamekimbiza, mara nyingi anasema kweli, ila anayemlaumu siye aliyeshika saa. Isidingo ya Afrika Kusini, ile ya mji wa mgodi wa Horizon Deep, ilikuwa imeanza Julai 1998. Ikafungwa Machi 2020 kwa uamuzi wa kituo.

Kwa sababu hiyo miisho ya aina hii hutofautiana sana. As the World Turns ilifungwa kwa heshima. Helen Wagner, akiigiza kama Nancy Hughes, ndiye aliyetamka maneno ya kwanza kabisa ya tamthilia hiyo tarehe 2 Aprili 1956, akimpa mumewe salamu za asubuhi. Aliendelea na Nancy wake hadi uzeeni, na alifariki Mei 2010, miezi michache kabla ya kipindi cha mwisho. Septemba 17 mwaka huo, mwanawe Nancy katika hadithi, Daktari Bob, alifunga ofisi yake na kuaga kwa kusema usiku mwema. Ilianza na salamu za asubuhi, ikaisha na za usiku, na katikati miaka 54. Hata ambaye hakuwahi kuitazama anaweza kuona kwamba hapo mwandishi aliwajali watu wake.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2011, All My Children ilifika kipindi chake cha mwisho kwenye televisheni. Watu wamekusanyika kwenye karamu, mmoja ana bunduki, risasi inasikika, skrini inakuwa nyeusi. Basi. Kulikuwa na mpango wa kuihamishia mtandaoni, hivyo waandishi waliacha mlango wazi. Waliokuwa wameifuata tangu 1970 wakakaa na ule mlio hadi Aprili 2013 ndipo ikafufuliwa, na ufufuo wenyewe ukafa mwaka huo huo. Hilo kwangu ni kosa. Kama huna hakika kwamba kesho ipo, mpe mtazamaji jibu leo.

Nyingine huisha na kurudi. Neighbours ya Australia iliagwa kwa kishindo Julai 2022, Kylie Minogue na Jason Donovan wakarudi kama Charlene na Scott, mashabiki wakalia. Septemba 2023 ikarudi hewani kupitia Amazon, kisha ikafungwa tena mwaka 2025. Waliolia mara ya kwanza hawakujua kama walie tena. Generations ya Afrika Kusini nayo ilikatika mwaka 2014 baada ya waigizaji 16 kufutwa katika mgogoro wa malipo. Ilikaa nje miezi miwili, ikarudi Desemba kwa jina la Generations: The Legacy ikiwa na sura nyingi mpya. Mtu aliyekuwa amewapenda wale wa zamani hakupata hata nafasi ya kuwaaga.

Gharama yake ni ya aina mbili. Nyingi ziko kwenye ving'amuzi vya kulipia kila mwezi, na malipo hayo yanakwenda mwaka baada ya mwaka. Lakini kwa muda zina huruma: ukikosa wiki tatu kwa sababu ya zamu za usiku au safari ya mashambani, unarudi na kuelewa ndani ya vipindi viwili. Na kama nyumba yenu ina vizazi vitatu, hakuna aina inayowaunganisha vizuri zaidi, kwa sababu nyanya anakumbuka ndoa ya tatu na mjukuu anashughulika na ya saba.

Zinamfaa anayependa kuishi na wahusika kuliko kusubiri hatima yao. Asiyeweza kuvumilia fundo lisilofunguliwa azipite mbali.

Za Kihindi

Hapa sitakaa sana, kwa sababu jambo lenyewe ni moja: mwisho unasogezwa. Hadithi ikikauka, inaruka miaka. Mtoto aliyekuwa kwenye bembea Ijumaa, Jumatatu ni bibi harusi. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza mwaka 2000, ikaruka miaka 20 ikiwa bado hewani, ikafungwa 2008, na ikarudi 2025. Kumkum Bhagya, iliyoanza 2014 na Abhi na Pragya, ilihamia kwa binti zao Prachi na Rhea, kisha ikaendelea na kizazi cha baada yao.

Anayeamua hapa ni idadi ya watazamaji, lakini mashabiki nao wana sauti isiyo ya kawaida. Mihir, stelingi wa Kyunki, alipouawa kwenye hadithi, kelele za umma zilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi arudishwe akiwa hai. Mafundo hufunguliwa, ila kila moja likifunguliwa mengine mawili yanafungwa. Muda wake hauna kikomo. Hapa Nairobi nyingi hutazamwa kwa tafsiri ya Kiingereza, kwenye king'amuzi cha kulipia. Utamu wake ni kuzitazama katika nyumba yenye watu wengi, ambapo kuna wa kulaani mama mkwe na kuna wa kumtetea.

Shauri langu ni dogo: ukiianza, amua kwamba kizazi chako ni kimoja. Wawili uliowapenda wakishaondoka, hiyo hesabu yako imekwisha, hata kama kituo kinaendelea.

Za hapa nyumbani

Hizi ndizo zinazotuuma zaidi, na naona ni haki zituume.

Chukua Maria ya Citizen TV. Ilianza 2019, ikaisha 2021. Ilikaa saa moja na nusu usiku, mara baada ya Citizen Nipashe. Katikati hapo ikaja korona, na kuanzia mwisho wa Machi 2020 kukawa na kafyu ya saa moja jioni. Kwa miezi hiyo, baba aliyezoea kufika saa nne kwa sababu ya msongamano wa Thika Road au Jogoo Road alikuwa kwenye kochi saa moja kamili. Nyumba nzima ikamjua Maria, ikamjua Luwi, ikamchukia Sofia kwa pamoja. Tamthilia hiyo ilipoisha, wengi walikuwa wanaaga pia ile saa ambayo nyumba yote ilikuwa imekaa pamoja. Mwandishi yeyote, hata awe hodari namna gani, hawezi kuandika mwisho wa kutosha kwa jambo kama hilo.

Saluni moja ya Umoja ninakosukwa ina televisheni ndogo juu ya kioo. Jioni ya kipindi cha mwisho cha tamthilia moja ya hapa, msusi alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja, nusu nyingine ikiwa bado imesimama. Stima ikapotea. Hakuna aliyesogea. Mteja akatoa simu, mwingine akachangia bando, ikasimamishwa juu ya kopo la mafuta ya nywele, na sisi tukainama juu yake. "Aunty, shikilia hapo isianguke." Ilipokwisha, msusi alisema mwisho ni mzuri. Mteja akasema ni mbaya, kwamba mwovu alistahili kuteseka kidogo. Walibishana hadi suka la mwisho, na wote wawili walikuwa na macho mekundu.

Nani anaamua mwisho? Mwenye tamthilia na kituo kwa pamoja, na mara nyingi saa hiyo inahitajika kwa nyingine. Baada ya Maria ilikuja Zora, kisha Sultana, na zote tatu zimetengenezwa na kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla. Kwa mtazamaji hiyo ina uzuri na ubaya wake. Uzuri ni kwamba unajua mkono uliopika, na kama uliupenda mwandiko utaukuta tena. Ubaya ni kwamba tangazo la inayokuja huanza kuonyeshwa wakati wewe hujamaliza kuomboleza inayoondoka. Mafundo makubwa hufunguliwa. Madogo husahaulika: yule jirani, ile barua, yule mtoto aliyepelekwa shule ya bweni na hakurudi.

Kuna miisho ambayo hakuna aliyeiandika. Charles Bukeko, Papa Shirandula mwenyewe, alifariki tarehe 18 Julai 2020, na kipindi kilichobeba jina hilo kikaisha naye. Kilikuwa cha vichekesho, najua, lakini hakuna mfano bora wa jambo hili: hapa waigizaji ni watu wa mji mmoja na sisi, na likiwapata lolote, hadithi inasimama.

Kwa gharama, zinazoonyeshwa kwenye vituo vya bure hazikudai zaidi ya king'amuzi kisicho na malipo ya mwezi na tokeni za stima. Za chaneli ya Maisha Magic kama Selina, iliyotupa Selina wa Celestine Gachuhi na Nelson wa Pascal Tokodi, zinahitaji kulipia. Muda ni mwaka mmoja hadi miwili mitatu. Na kwa swali la utatazama na nani, hakuna inayozishinda: dereva wa matatu, mwalimu wa mtoto, mama mboga, wote wanaijua. Ni Kiswahili chetu, na barabara ni zile unazozipita.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote. Mwigizaji wa sehemu mbaya unaweza kukutana naye supamaketini. Mwisho ukikukera, mweleze mtengenezaji, eleza kwa hoja. Usimtukane dada aliyeigiza vizuri hadi ukamchukia.

Kwa hali yako

Kama umetoka kwenye mwisho uliokuacha na hasira, ukihisi umechezewa, anza ya Kilatini. Miezi saba ya hadithi iliyofungwa vizuri itakurudishia imani. Usiingie mara moja kwenye isiyo na mwisho, kwa sababu utakuwa unamtafuta mtu wa kulaumu kila kipindi.

Kama mwisho wenyewe ulikuridhisha na unachokosa ni wale watu, chagua isiyopangiwa mwisho. Kubali tangu leo kwamba siku moja itafungwa kwa sababu zisizohusu hadithi, na ufurahie jioni zilizopo.

Kama unachokosa ni sebule iliyojaa, chukua ya hapa, ile ile inayotazamwa na jirani zako, hata kama tangazo lake halikukuvutia. Ipe wiki tatu. Kipindi cha kwanza cha tamthilia zetu mara nyingi ni dhaifu kuliko cha kumi na tano.

Kama pesa imebana, vituo vya bure kwanza. Usilipie king'amuzi kwa ajili ya tamthilia moja kabla hujauliza anayeitazama kama bado ina nguvu.

Kama mnatazama mama mkwe na mkaza mwana katika nyumba moja na kuna mambo ambayo hayasemeki moja kwa moja, ya Kihindi husaidia kuyasema. Nimeona hilo likitokea zaidi ya nyumba moja.

Na kama ile ya zamani bado iko rohoni kiasi kwamba kila mpya unailinganisha nayo, usianze yoyote mwezi huu. Itafute ya zamani, tazama vipindi vyake vya mwanzo, uone walivyokuwa kabla ya fitina zote. Stelingi mpya akija baadaye, atakukuta uko tayari kumsikiliza.